Nimeacha sukari, tumbo limegoma. Tatizo ni sukari kweli?

#1 Kidoti wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni.

Naenda moja kwa moja. Tangu baada ya Idi ndogo nimeachana na sukari. Chai nakunywa hivyohivyo, soda sigusi hata harusini, nikiwekewa naisogeza kwa jirani. Ofisini wakikata keki mimi nashika chupa ya maji. Mwezi wa kwanza nilishuka kilo mbili na nusu, nikapata kiburi, nikapeleka magauni mawili kwa fundi yapunguzwe. Tangu hapo mizani imegoma. Haipandi, haishuki. Nyama uzembe za kiunoni ziko palepale na yale magauni yananibana.

Halafu kuna dada tunakaa naye meza moja kazini. Chai yake vijiko vitatu vya mlima, andazi juu, na kiuno chake ni kilekile tangu tumeajiriwa.

Swali: sukari ndiyo mchawi kweli, au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia? Mwenye kujua anijuze. Matusi sina nafasi nayo leo.

#2 Ngosha Mtulivu

Nimeweka kigoda. Ngoja waje madaktari wa Instagram.

#3 Bwana Mizani

Bila menyu tutakuwa tunapiga ramli. Taja unachokula kutwa nzima, pamoja na vya kuonjaonja.

#4 Kidoti wa Mbagala

Asubuhi chai ya tangawizi na kijiko cha asali, chapati mbili. Saa nne karanga za kupima. Mchana wali maharage na mchicha kwa mama lishe, na juisi ya parachichi au ya miwa, inategemea. Jioni ugali mdogo na samaki wa kukaanga. Usiku sili.

Haya, nionyesheni sukari iko wapi hapo.

#5 Shemeji wa Taifa

Asali. Miwa. Dada, umeifukuza sukari mlango wa mbele ikazunguka uani, imekaa inakusubiri.

#6 Nesi wa Zamu

Shemeji anatania ila yuko sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 hauhesabu tu sukari ya dukani. Unahesabu asali, shira na juisi za matunda, hata kama umekamua mwenyewe. Tunda zima halimo. Wanasema isizidi asilimia 10 ya nguvu unazopata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai, tena vya kufuta, siyo hivyo vya mlima.

Juisi ya miwa ina sukari zaidi ya gramu 10 kwenye kila mililita 100. Glasi moja kubwa ya pale barabarani ya nusu lita umeshapita gramu 50. Soda ya 350 uliyomsogezea jirani ina kama gramu 37. Umemwachia jirani kidogo ukachukua kikubwa.

#7 Mtoto wa Pangani

Nesi nakuheshimu lakini asali tuachieni. Asali ni dawa, imetajwa hata kwenye vitabu vya dini. Babu yangu aliramba asali ya nyuki wadogo mpaka anakufa mzee kabisa, mwembamba kama uzi. Miwa tumetafuna tangu watoto. Hivi vitambi vimekuja na mambo ya mjini.

#8 Bwana Mizani

Hakuna aliyesema asali si dawa. Ila dawa nayo ina kalori. Asali gramu 100 ni kama kalori 300, sukari gramu 100 ni karibu 400. Kwa hiyo kwa uzito asali ni nafuu kidogo. Lakini asali ni nzito: kijiko kikubwa cha asali ni gramu 21 hivi, cha sukari ni 12 au 13. Ukipima kwa kijiko, asali inakupa kalori nyingi kuliko sukari. Kidoti, kijiko chako ni kipi, cha chai au cha kulia wali?

#9 Kidoti wa Mbagala

Cha wali 🙈

#10 Mama Lishe Tabata

Mimi nasomaga tu humu, leo acha niseme maana napika na kuuza.

Kwanza hiyo juisi ya parachichi. Parachichi halina utamu, sasa ule utamu unadhani umetoka wapi? Asubuhi tunachemsha sukari na maji mpaka shira inanata, tunajaza kwenye dumu. Ikisagwa juisi, shira inamiminwa kwa jicho. Mteja akisema "usiweke sukari" tunapunguza. Tukiacha kabisa anaonja, anaweka glasi chini, kesho yuko kwa jirani. Wanaotaka isiyo na sukari kwelikweli unawahesabu kwa vidole.

Pili chapati. Unga kilo moja unanitolea chapati kumi na mbili. Mafuta naweka kwenye kukanda, napaka tena kwenye kusokota, halafu kikaangoni upande huu na upande huu. Kwa kilo ya unga robo lita ya mafuta inaondoka. Chapati isiyo na mafuta inakuwa ngumu kama soli na hakuna anayeinunua.

Sasa mtu anakula mbili anasema ameacha sukari. Sawa, ameacha.

#11 Shemeji wa Taifa

Mama Lishe kamwaga siri za kambi. Wenye vibanda vya juisi watakutafuta.

#12 Bwana Mizani

Tupige hesabu ya Mama Lishe. Unga wa ngano kilo ni kama kalori 3,600. Mafuta robo lita ni kama 2,000. Jumla 5,600, gawa kwa 12, unapata 460 na kitu. Toa yanayobaki kikaangoni, tuseme 400. Chapati mbili ni 800. Kijiko cha sukari cha chai ni 16 tu! Kidoti ameacha vijiko viwili vya 32 akabaki na chapati za 800.

Ndiyo maana nasema kila siku, watu wanapigana na sukari kwa sababu inaonekana. Mafuta hayaonekani.

#13 Chuma Tu

Naunga mkono hoja. Mimi niko jimu miaka mingi, nimeona watu wameacha sukari na wamenenepa, nimeona wanaokula sukari na wamekauka. Ni jumla ya kinachoingia na kinachotoka, basi.

Ila usiidharau sukari kabisa. Fanya hivi: kilo ya sukari nyumbani kwako inakaa siku ngapi? Tuseme mko wanne na inaisha siku ya tano. Gramu 1,000 gawa siku tano gawa watu wanne, ni gramu 50 kwa kichwa kwa siku. Kalori 200. Hapo hujaweka soda, juisi, biskuti, wala sukari iliyo kwenye andazi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa kalori 7,700 hivi. Ukikata hizo 200 na usiongeze kingine, unahitaji mwezi na wiki kuona kilo moja. Watu wanataka wiki moja.

#14 Msomi Njaa

Chuma Tu hiyo hesabu ni ya dukani, mwili haufanyi kazi kama duka. Tatizo ni insulini. Ukila wanga, mate yako tu yanaanza kuuvunja ukiwa bado mdomoni, unaishia kuwa glukosi kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, insulini inauambia mwili uweke akiba na usichome mafuta. Wali, ugali wa sembe, chapati, mkate mweupe, vyote mwisho ni sukari. Kidoti ameacha sukari ya kijiko akabaki na sukari ya sahani. Akate wanga wote aone.

#15 Ngosha Mtulivu

Msomi mwenyewe nilimuona kwenye uzi wa wiki iliyopita anatafuta panapouzwa wali nazi mzuri Sinza 😂

#16 Msomi Njaa

Ngosha jadili hoja usijadili tumbo langu.

#17 Bwana Mizani

Msomi, umechanganya viwili. Wanga wa ugali unavunjika kuwa glukosi tupu. Sukari ya mezani nusu ni glukosi nusu ni fruktosi, na fruktosi kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Kwa hiyo siyo kitu kilekile, na ndiyo maana wapo wanaoiogopa sukari zaidi kuliko ugali.

Hilo la kukata wanga lilipimwa Stanford, matokeo yakatoka 2018. Watu 609, mwaka mzima, nusu walipunguza mafuta na nusu walipunguza wanga. Wa wanga walishuka wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo haikuhesabika kuwa na maana. Na ndani ya kila kundi wapo walioshuka sana na wapo walioongezeka. Wakapima pia insulini kuona kama inaweza kutabiri nani afuate njia ipi, haikutabiri.

#18 Msomi Njaa

Na makundi yote mawili waliambiwa nini tangu mwanzo? Wapunguze sukari na unga mweupe. Malizia na hiyo.

#19 Bwana Mizani

Kweli, waliambiwa.

#20 Mpwani wa Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Mwanikumbusha mbali. Mimi nilikuwa dereva wa matatu, jua kali, soda ndiyo ilikuwa maji yangu. Asubuhi moja, mchana moja, jioni tena. Kitambi kikawa chagusa usukani. Daktari akaniambia, sikwambii uache chakula, acha soda peke yake. Nikaacha. Mahamri na mbaazi za nazi sikuacha na siachi, wallahi. Tumbo likarudi lenyewe, mshipi ukaingia mashimo mapya.

Kwangu mimi siyo sukari, ni sukari ya kunywa. Ukila mahamri manne wasikia umeshiba. Ukinywa soda hushibi, wala chakula cha mchana hukipunguzi.

#21 Chuma Tu

Soda tatu kwa siku ni gramu 110 za sukari, kalori 440. Mpwani hukuacha kitu kidogo.

#22 Mahali Popote Muscat

Wakuu, huku Oman kahawa yenyewe haina sukari hata chembe. Iliki, wengine zafarani, finjani ndogo, ukitosheka unaitikisa ndiyo mwenyeji anajua. Ukisikia hivyo unasema watu hawa watakuwa wembamba. Lakini kahawa haiji peke yake. Kuna sahani ya tende, na tende kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Kuna halua: sukari, wanga na samli vimekorogwa saa na saa mpaka mkono unakufa ganzi. Na vijana wamehamia kwenye chai karaki ya maziwa ya kopo, tamu kama sharubati. Mtu hashuki kwenye gari, anapiga honi analetewa dirishani.

Kutembea nako ni mtihani. Mwezi wa sita, wa saba joto linapita 40. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari umemaliza mazoezi. Mimi nimenenepa huku na chai yangu haina sukari.

#23 Babu Foleni

Vijana mnanichekesha. Mwaka 1983, wakati wanakamatwa wahujumu uchumi, sukari ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Tulipanga foleni duka la RTC, lile la serikali la mkoa, tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Chai tulikunywa kwa sukari guru, ikikosekana unaweka pipi shavuni unapitisha chai ya rangi juu yake. Mtaa mzima wetu kitambi kilikuwa cha mtu mmoja, na kila mtu alijua anakipataje.

#24 Shemeji wa Taifa

Babu, na mafuta ya kupikia yalikuwepo?

#25 Babu Foleni

Mafuta? Sabuni yenyewe haikuwepo.

#26 Shemeji wa Taifa

Sasa hapo tutajuaje kama ni sukari iliyowakondesha au ni kila kitu?

#27 Mtoto wa Pangani

Babu kaeleza vizuri ila turudi nyuma zaidi. Kwetu Pangani miwa ililimwa kabla Mjerumani hajaja. Abushiri bin Salim aliyewachachafya mwaka 1888 mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Sukari ilipikwa palepale. Mbona historia haituambii Pangani kulikuwa na vibonge? Watu walifanya kazi. Leo mtu anakaa ofisini kwenye kiyoyozi halafu analaumu kijiko.

#28 Ngosha Mtulivu

Mkuu, walioikata ile miwa na kuipika walikuwa watumwa, na sukari yenyewe ilipakiwa majahazini ikauzwe. Usituambie walikuwa wanakunywa chai ya jioni kibarazani wanapunguza uzito.

#29 Mtoto wa Pangani

Hoja ya kazi inabaki palepale.

#30 Nesi wa Zamu

Kabla hatujafika vita vya Majimaji, turudi kwa Kidoti.

Zile kilo mbili na nusu za mwezi wa kwanza, sehemu yake ilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya glukosi kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Ukipunguza sukari na wanga akiba inashuka, maji yanatoka, mizani inafurahisha. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo ni ya polepole. Kwa hiyo haikugoma, ilianza kusema ukweli.

Lingine, naomba unijibu kwa faragha ukitaka: unatumia sindano ya uzazi wa mpango? Wapo wanaoongezeka uzito kwayo. Na tezi ya shingo ikilegea kazi nayo inaleta uzito, uchovu na kusikia baridi. Kipimo chake kipo.

Na wanaosoma kimyakimya: kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usikate chakula ghafla kwa kusoma uzi. Sukari ikishuka sana unaanza kutetemeka, jasho jembamba, unachanganyikiwa, unaweza kuzimia. Ongea kwanza na kliniki yako wapange dozi upya. Na ukiona unakonda bila kujitahidi, kiu haiishi, choo kidogo usiku kucha, usifurahi. Nenda kapime. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula ikasoma 7.0 (mmol/L) au zaidi na ikarudiwa hivyo, huo ni ugonjwa wa kisukari.

#31 Kidoti wa Mbagala

Asante Nesi. La sindano nakufuata huko faragha.

Ila nyie wengine hamjanijibu kuhusu dada wa vijiko vitatu.

#32 Mama Lishe Tabata

Huyo nitakujibu mimi, maana nawaona kila siku. Unajua anakula nini akitoka hapo? Ninao wateja wa hivyo. Chai tamu na andazi saa tatu, ndiyo chakula chake mpaka saa kumi jioni. Wewe ambaye huna sukari umeshapita chapati, karanga, wali, juisi. Ukimuona na kijiko unamhesabia, ukimuona hali humuoni.

#33 Chuma Tu

Na karanga! Hakuna aliyezigusa. Gramu 100 za karanga ni karibu kalori 570. Ile ya kupima kwa kikombe inaisha ukiwa unaongea na simu.

#34 Msomi Njaa

Au huyo dada ana vinasaba vyake. Tusimlazimishie maelezo. Wapo watu hawatulii, mguu unacheza chini ya meza, anasimama, anakaa, anapanda ngazi. Inachoma.

#35 Mke wa Mtu Moro

Mnaongea kama kila mtu anajiwekea sukari mwenyewe. Nyumbani kwetu chai inatoka jikoni imeshawekwa sukari, inajazwa kwenye chupa, inafika mezani imefungwa. Sukari ilimiminwa kutoka kwenye mfuko bila kijiko. Unafanyaje?

Nilipoenda kwa mama mkwe nikaomba ya kwangu isiwekwe. Kimya. Baadaye nasikia anamuuliza mume wangu jikoni, "Mwenzio ana sukari, au ndiyo maringo ya mjini?" Nikainywa. Vikombe viwili.

#36 Shemeji wa Taifa

Ungesema hapana, ingebidi kikao cha ukoo.

#37 Nesi wa Zamu

Mke wa Mtu, hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wagonjwa wangu wengi wa kisukari tatizo lao ni chupa ya chai. Nawaambia ndugu: chupa iende bila sukari, bakuli la sukari likae mezani na kijiko kidogo. Wengi wenyewe wanashangaa wanapunguza, kwa sababu sasa wanaona wanachoweka. Ulimi nao unazoea, mpe wiki kadhaa. Wanaoshuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, wanadumu kuliko wanaoacha kwa kishindo.

#38 Kipara Ngoto

Kwa nini mnajitesa? Tumieni vile vidonge vya utamu na soda za ziro. Utamu upo, kalori hakuna.

#39 Mtoto wa Pangani

Vinaleta kansa hivyo, Shirika la Afya limetangaza.

#40 Bwana Mizani

Taratibu. Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya shirika hilo iliiweka aspatemi, ule utamu wa kwenye soda za ziro, kundi la 2B, maana yake "huenda", ushahidi ni mdogo. Kundi hilohilo limo pia dondoo la jani zima la mshubiri ambalo watu humu wanakunywa kwa kujinafasi. Kamati nyingine siku hiyohiyo ikabakiza kiwango cha juu palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda ya ziro kwa siku kukipita.

Ila Kipara nawe usishangilie. Mei mwaka huohuo shirika lilishauri vitu hivyo visitumike kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Isipokuwa kwa wenye kisukari tayari, ushauri ule haukuwahusu.

#41 Kipara Ngoto

Kwa hiyo haviui na havikondeshi. Navinunua vya nini sasa?

#42 Mpwani wa Nyali

Na sukari ya brauni je? Mke wangu aninunulia hiyo, aghali, asema haina madhara.

#43 Chuma Tu

Rangi ni ya molasi iliyobaki. Kalori ni karibu zilezile. Mpe pole shemeji.

#44 Msomi Njaa

Naongeza jambo ambalo wote mmelikimbia: usingizi. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa 2022, watu 80 wenye uzito mkubwa waliokuwa wanalala chini ya saa sita na nusu. Nusu yao wakasaidiwa kulala zaidi, wakaongeza saa moja na ushee kwa usiku. Hawakuambiwa kubadilisha chakula. Wakajikuta wanakula pungufu ya kalori 270 kwa siku kuliko wenzao. Hiyo inazidi sukari yote ya kilo ya Chuma Tu. Kidoti, Mbagala kwenda mjini unaamka saa ngapi?

#45 Kidoti wa Mbagala

Saa kumi usiku niwahi daladala. Nalala saa tano, nikimaliza kukagua madaftari ya watoto.

Jamani sasa ni asali, juisi, chapati, karanga, sindano, kongosho au daladala? Niliuliza kimoja.

#46 Ngosha Mtulivu

Umeuliza kimoja ukapewa ukumbi mzima. Karibu jukwaani.

#47 Bwana Mizani

Chapati. Narudia, chapati.

#48 Msomi Njaa

Wanga. Chapati ni wanga.

#49 Bwana Mizani

Chapati ni mafuta yaliyoshikwa na unga, kasome #10.

#50 Mama Lishe Tabata

Msinigombanishe na biashara yangu. Kidoti, mimi nikuombe kitu kidogo. Chapati moja badala ya mbili, weka yai la kuchemsha na tango. Maharage ongeza, wali punguza, mwambie mama lishe wako asikujazie upawa wa pili, atakushukuru maana mchele umepanda. Juisi acha, kula chungwa au papai lenyewe. Asali kijiko cha chai kama lazima. Usibadilishe vyote wiki moja.

#51 Babu Foleni

Mchele umepanda, na sukari je? Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipokwamisha kukata miwa mashambani, kilo ilipita 4,000 na kuna sehemu ilikwenda juu zaidi. Mkwe wangu alihamia chai ya chumvi siku mbili. Hakukonda.

#52 Mahali Popote Muscat

Hahaha Babu. Chai ya chumvi siku mbili!

#53 Kidoti wa Mbagala

Mama Lishe nimekuelewa zaidi ya wote, kesho naanza na hilo la yai. Karanga ndiyo sijui nitaziacha vipi, muuzaji anapita dirishani kwetu.

#54 Mnyamwezi wa Ukonga

Wakuu nimeusoma uzi wote. Mimi sukari sili kabisa, chai sinywi, soda sinywi, chapati sipendi. Lakini tumbo linatangulia mimi kufika. Jioni napata bia zangu nne tu za kupoza koo. Bia ina sukari?

#55 Chuma Tu

Sukari kidogo sana. Ila gramu ya pombe ni kalori 7, karibu mara mbili ya gramu ya sukari. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ni kama kalori 200. Nne ni 800, na hujataja nyama choma.

#56 Mnyamwezi wa Ukonga

Nyama choma ni protini.

#57 Shemeji wa Taifa

Mkuu, fungua uzi wako. Huu una wenyewe.